TAHADHARI: "Fremu ya alumini" ya kuchimbia kripto inayouzwa hapa Mtwara ni bati, na waya zake zitawaunguzia nyumba

Wadau wa Mtwara na Lindi, na nyie wa Masasi, Newala na Nachingwea mnaoagiza kupitia watu wa mjini, msitume hela kwa mtu yeyote kabla hamjasoma hili. Yule muuzaji wa fremu za wazi (viunzi vya kupangia kadi za picha za kompyuta zinazochimba kripto), ambaye picha zake zimezunguka kwenye simu za wengi wenu tangu kabla ya msimu wa korosho, ametuuzia takataka kwa shilingi 620,000. Fremu, pawa saplai, raiza sita (vibodi vinavyounganisha kadi kwa waya na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta) na feni nne. "Imeshafungwa mkuu, wewe weka mazabodi na kadi zako tu, uwashe." Siku ya tatu plagi imeyeyuka.

Tumeona haya kuandika. Nyie ndio mnaotuletea mashine zenu tuzitengeneze, na mnajua tunavyowasema watu wanaonunua bila kukagua. Lakini aibu ni yetu sisi, moto utakuwa wa yeyote atakayenunua baada yetu.

Alivyotuingiza ni hivi. Aliitoa fremu nje, kibarazani, jioni kukiwa bado na mwanga. Nyeusi, inang'aa, feni zimeshakaa kwenye mstari. Akatoa mfukoni sumaku ya duara, zile za spika ya redio, akaibandika kwenye reli ya juu, ile inayoshika vibati vya kadi. Ikaanguka. Akaiokota, akairudishia palepale, ikaanguka tena na kugonga sakafu. "Umeona? Alumini tupu. Ingekuwa chuma ingenasa." Akaitia mfukoni. Halafu akavuta futi kamba akatupimia urefu, sentimita 60 kamili. Akachomeka pawa, feni nne zikazunguka kwa pamoja bila mlio. Akapachika kadi moja, ikasoma.

Reli ile ndiyo pekee iliyokuwa alumini kwenye fremu nzima. Sumaku haikugusa nguzo hata moja, haikugusa bomba za chini, haikugusa ule mhimili unaobeba matako ya kadi. Tulipoizungushia sumaku yetu baadaye, ilinasa kwenye nguzo zote nne na kila bomba jingine. Ni bati la bomba la mraba, unene haufiki milimita moja, limepigwa rangi ya kunyunyiza bila rangi ya kuzuia kutu chini yake. Kwa hewa yetu ya chumvi hiyo haina maisha. Tulipokwangua penye viungo vya kuchomelea, kutu ilikuwa tayari imelala chini ya rangi.

Kwa nini tulimwamini? Kwa sababu alikuwa anasema lugha ya kazi, na alisema kwa usahihi. Alitaja mwenyewe kwamba matundu ya feni ya milimita 120 yanaachana milimita 105. Alitukumbusha kuwasha ile "Above 4G" kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mazabodi) kadi zikizidi nne. Na hili ndilo linalouma kuliko yote: alituambia kwa mdomo wake tusilishe raiza kwa plagi ya SATA, ile nyembamba ya kulisha diski. Akainamisha fremu, akatuonyesha raiza moja moja, kila moja imechomekwa plagi ya pini 6, waya zimevikwa soksi nyeusi, zimebanwa kwa vifungo vya plastiki na kupelekwa nyuma ya pawa kwa unadhifu ambao fundi yeyote angeusifu. Mtu anayekuonya kuhusu SATA humdhanii kwamba ameificha SATA hiyohiyo ndani ya soksi.

Ndivyo alivyofanya. Tulipokata vile vifungo na kuchana soksi, tulikuta kichwa kimoja cha SATA kimegawanywa kuwa plagi mbili za pini 6. Vichwa vitatu, raiza sita. Anayejua hesabu hii ameshashika kichwa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja inabeba ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kupitia slot yake, na kwenye raiza mzigo huo wote unapita kwenye ile plagi. Kwa kadi moja tu SATA imeshazidiwa. Yeye ameifungia mbili. Plagi yetu ilianza kuwa ya njano, ikawa kahawia kuzunguka pini za volti 12, kisha plastiki ikalainika na pini moja ikalala upande. Harufu ilitufikia chumba cha pili. Bahati ilikuwa mchana.

Kwa nini alilazimika kuiba hapo? Hesabuni waya. Kadi zetu ni sita, aina ya RX 580, kila moja inataka plagi yake ya pini 8. Pawa ile ina waya sita tu za pini 6+2, zile zinazofaa tundu la pini 6 au 8. Zote zimekwenda kwenye kadi zenyewe. Raiza sita zikabaki hazina pa kula. Pawa inayofaa kazi hii iwe na waya za kulisha kadi na waya za kulisha raiza, ama nyingine za pini 6, ama Moleksi (plagi pana ya pini 4), na hata Moleksi msizidishe raiza mbili kwa waya mmoja unaotoka kwenye pawa. Na kila raiza na kadi yake vipate umeme kutoka pawa moja. Wenye pawa mbili wanakosea sana hapa, wanachanganya, kisha wanalaumu kadi.

Pawa yenyewe nayo ni uongo. Juu imebandikwa 1600W kwa herufi kubwa. Jedwali dogo la ubavuni, upande uliogeuziwa bomba la fremu, linasema volti 12, ampea 62. Zidisheni: wati 744. Kadi sita zilizopunguzwa umeme vizuri zinakula kama wati 115 kila moja, hiyo ni 690, ongeza 80 za mazabodi, prosesa na feni, umefika 770. Ndiyo maana ilizima tulipopachika ya sita. Tulipompigia alisema ni umeme wa mtaani mdogo, tununue stabilaiza. Tukaiondoa ya sita, tukaendelea na tano, na plagi ikaungua na tano hizohizo. Kwa mzigo wa wati 770 pawa inatakiwa iwe ya 1000 za kweli, ili isikimbizwe zaidi ya asilimia 80, maana mashine hii hailali. Wati 800 kwa saa 24 ni yuniti 19.2, karibu shilingi 6,800 za LUKU kila siku. Kitu kinachowaka namna hiyo usiku kucha watu wamelala hakitaki plagi ya kubahatisha.

Turudi kwenye fremu, maana hii ndiyo anayoendelea kuiuza. Anaiita ya kadi 8. Ule urefu wa sentimita 60 aliotupimia ni wa nje. Ndani, ukitoa nguzo na vibati vya kona, panabaki 52. Kadi ya kisasa yenye feni mbili ina unene wa sentimita 5. Nane ni 40. Zinabaki 12 kugawanya kwa nafasi saba, haifiki sentimita 2 kati ya kadi na kadi. Kadi ya katikati itanyonya hewa ya moto ya jirani yake. Kwa joto letu la Desemba, kabla ya mvua, acheni angalau sentimita 3, nne ndiyo salama. Kwa hesabu hiyo ni fremu ya kadi sita, na hata hizo sita haiwezi kuzibeba: mhimili wa chini ulipinda katikati kwa tano tu. Kadi zikashuka, vidole vyake vya dhahabu vikatoka nusu kwenye slot ya raiza. Mguso ukiwa nusu, kadi inasoma leo kesho haisomi, na pale pa mguso panachemka.

Matundu ya skrubu kwenye reli ameyatoboa tu, hayana hesi. Kibati cha kadi kinafungwa kwa skrubu ya 6-32, kipenyo chake milimita 3.5, na kadi ya slot mbili inataka matundu mawili yanayoachana milimita 20.32. Yake yanaachana 22 huku, 19 kule. Skrubu inazunguka bure. Alichofanya ni kubana kwa nati nyuma kwenye kadi moja ile aliyotuonyesha. Mazabodi naye amemkalisha juu ya washa za plastiki za milimita 3, wakati inatakiwa nguzo za shaba za milimita 6 au zaidi, ili ncha za risasi ya kulehemu zilizo chini ya bodi zisiguse chuma. Na rangi ile haikukwanguliwa pale skrubu za pawa zinapofunga, kwa hiyo fremu haina ethi. Ukiigusa ukiwa miguu mitupu unasikia umeme.

Fundi wa madirisha ya alumini yeyote hapa mjini angewatengenezea kitu cha kweli. Pelekeni vipimo hivi: nguzo 4 za sentimita 40, bomba 6 za 65, bomba 6 za 35. Jumla mita 7.6, nunueni 8. Bomba mbili za 65 chini, mbili juu, moja ya kubebea kadi, moja ya kushikia feni kwa chini. Za 35, mbili chini pembeni, mbili juu pembeni, mbili katikati za kukalisha mazabodi, na mazabodi ya ATX ni 305 kwa 244, mpimieni palepale. Bomba la feni likae milimita 105 chini ya lile la juu, katikati hadi katikati. Mhimili wa kadi msiukaze mpaka kadi moja na raiza yake vimepachikwa, ndipo mpate kimo sahihi. Toboeni kila kitu kabla ya kuleta mazabodi karibu, mpanguse vumbi la alumini lote, maana kipande kimoja kikiangukia kati ya pini mbili mmemaliza bodi. Hata mbao kavu ya mninga inabeba kadi kuliko lile bati, ila plagi ikiungua kwenye mbao mnajua inakwenda wapi.

Tulipomrudishia alicheka. Akasema, "Nendeni polisi mkaseme mnachimba kripto, tuone nani atalala ndani." Hilo ndilo analotegemea, na ndilo linalowanyamazisha waliopigwa kabla yetu. Ni kweli Benki Kuu ilitoa tahadhari kwa umma Novemba 2019 kuhusu sarafu hizi. Lakini Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Serikali inakata kodi, halafu yeye atutishe? Na sisi hatushitaki kripto. Tunashitaki bati lililouzwa kama alumini na pawa ya wati 744 iliyobandikwa 1600. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu, hadi miaka saba. Aende akaitumikie. Afungwe, mali yake ikamatwe, warudishiwe wote. Mtu anayeficha SATA kwenye soksi anajua kabisa kinachofuata. Alituonya mwenyewe, ina maana anajua! Angeunguza watoto wa mtu. Wazee wa mtaa wake wanamtazama tu. Tume ya Ushindani nayo tutaipelekea vipande, ndiyo kazi yake.

Dalili zilikuwepo, tuliziona tukazipita. Sumaku alishika yeye, hakutukabidhi sisi. Waya zilifungwa kwa ukali mno kwa kitu kinachouzwa ili kifunguliwe. Alisema tukikata vifungo garantii inakufa. Jedwali la pawa liligeuziwa ndani. Aliwasha na kadi moja, tukaridhika. Tungemwambia aweke zote sita na aziache nusu saa huku tunasikiliza joto la plagi za raiza kwa mkono. Fremu ilikuwa nzito: alumini ya ukubwa ule mtu anainua kwa vidole viwili. Bei alishusha mara mbili bila kubembelezwa. Na tangu Ethereum iache uchimbaji, 15 Septemba 2022, vifaa vilivyotumika vimejaa, kwa hiyo "mpya kabisa" ya bei ile haikuwa na maelezo.

Namba yake tumeituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. Jumatatu asubuhi tunakwenda kituo cha polisi na plagi iliyoyeyuka, soksi zilizochanwa, na ile reli moja ya alumini tuliyoifungua peke yake. Kama na wewe ulinunua kwake, usikate vifungo wala usitupe kitu. Piga picha ubavu wa pawa, chomoa ukutani, njoo nayo kama ilivyo.