Gari lenye hema juu ya paa: Mikindani ni mzigo, Msimbati linalipa

Tulikodi Dar es Salaam Land Cruiser ndefu yenye hema la kukunjua juu ya paa, friji nyuma, jiko la mtungi mdogo wa gesi, tangi la maji na meza ya kukunja. Kampuni siitaji. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye kwao ni Mtwara na hajui kukaa kimya ndani ya gari.

Kama unakwenda Mtwara mjini tu, usitupe hela. Ukishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, Nangurukuru hadi Lindi hadi Mtwara ni lami, hata Noah inafika. Gari la namna hii linakodiwa kwa ajili ya siku moja ya kuzunguka pwani, na siku hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Asubuhi ilikuwa ya Mikindani, kama kilomita 10 kabla ya Mtwara ukitokea Lindi. Hapo gari ni mzigo. Vichochoro vya mji wa kale vilijengwa kwa ajili ya punda na watu, kwa hiyo liache kando ya barabara kuu, ghuba ikiwa mbele yako, utembee. Nyumba ni za mawe ya matumbawe, zingine na milango ya nakshi, zingine paa limeanguka na mti umeota sebuleni. Kilimani kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo lilikarabatiwa likawa hoteli. Panda hata kama huli chochote, maana ghuba yote unaiona kutoka pale juu. David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, aliondokea Mikindani mwaka 1866 kwenda bara na hakurudi pwani akiwa hai. Mama mkwe aliposikia hivyo aliuliza maiti ililetwa na nani. Nikamwambia watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliibeba hadi Bagamoyo. "Basi hao ndio wa kuwekewa nyumba ya ukumbusho," akasema, akaenda kununua vitumbua.

Muuza vitumbua alilitazama gari letu kwa muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo nyumba mnatembea nayo au mnahama?"

Mchana tukaelekea Msimbati, kijiji cha pwani kusini mashariki mwa Mtwara mjini. Unapita Madimba, gesi ya Mnazi Bay inakosafishwa kabla ya kuingia kwenye bomba la Dar es Salaam, halafu mikorosho, halafu minazi, halafu mchanga mtupu. Hapa ndipo nililipenda gari. Mume wangu alipunguza upepo wa matairi hadi PSI 18 hivi, akaweka gia nzito, na tukapita taratibu bila kusukumwa na mtu. Pampu ya upepo inayotumia betri ya gari ilikuwemo na inafanya kazi vizuri. Ikagueni kabla ya kuondoka Dar, maana bila pampu hutathubutu kupunguza upepo. Eneo hili ni hifadhi ya bahari, tangu mwaka 2000, na kuna kiingilio. Dai risiti.

Ruvula, mwisho wa njia, ndiyo sababu ya safari nzima. Mchanga mweupe, watu wachache, na bahari inashuka kina hatua chache tu kutoka ufukweni, kwa hiyo wenye watoto wasiwaachie kama wako Coco Beach. Tuliomba kwa wenyeji mahali pa kuegesha, tukalipa, tukanunua pweza kwa wavuvi.

Sasa jikoni. Sanduku la vyombo lilikuwa na glasi za mvinyo sita na kifungulio cha chupa, lakini halikuwa na mbuzi ya kukunia nazi wala sufuria ya maana. Aliyelipanga alikuwa anamfikiria mgeni kutoka Ulaya anayekaanga yai moja. Bahati mama mkwe alikuwa na mbuzi yake kwenye mkoba wa nguo (sikuuliza kwa nini), na pweza wa nazi akapikwa kwenye kikaangio kilichokuwa kidogo kuliko pweza mwenyewe. Friji ninaisifu bila kusita: betri yake ni ya pili, haigusi ile ya kuwashia gari, na samaki tuliowanunua jioni walikuwa baridi hadi kesho yake mchana.

Hema lina godoro zuri na neti isiyopitisha mbu. Ila lazima upande ngazi nyembamba ya chuma, na mwanamke aliyevaa khanga hapandi ngazi ile kwa heshima. Mama mkwe aliitazama, akasema yeye alishaacha kukwea minazi, akaenda kulala kwa ndugu yake kijijini. Sisi tuliobaki tulisumbuliwa na upepo wa kusi. Turubai lilipiga usiku kucha hadi mume wangu alipoamka akageuza gari pua ielekee upepo. Mkifika mapema, egesheni hivyo tangu mwanzo.

Maji ya tangi yanatosha watu wawili kujisuuza chumvi na kuosha vyombo, si zaidi. Jazeni Mtwara mjini.

Tuliporudisha gari walikata sehemu ya amana, eti gharama ya kutoa mchanga kwenye mazulia. Gari la kwenda ufukweni! Karatasi ya mkataba haikusema chochote kuhusu mchanga, na mazungumzo ya kurudishiwa bado yanaendelea kwa simu. Wewe waandikishe hilo kabla hujasaini.