Meza ya vitabu vya mtumba Posta: uliza boksi la chini

Mwalimu wa historia anayelalamika kwamba hapa Dar hapati vitabu vya vita vya ukombozi, aende Posta, upande wa Samora, amtafute mzee anayeuza vitabu vya mtumba barazani. Juu ya meza atakuta riwaya na vitabu vya uhasibu. Aachane navyo. Amwambie anataka vya kusini mwa Afrika, na mzee atamvutia boksi la chini ya meza.

Nafundisha kidato cha tano na sita, na nilikuwa natafuta habari za Selous Scouts, kikosi maalumu cha jeshi la Rhodesia, Zimbabwe ya sasa, lililopigana na wapigania uhuru. Wanafunzi wangu wanalijua jina la Selous kwa sababu ya wanyama tu. Kikosi kiliundwa mwaka 1973 chini ya Ron Reid-Daly, kikapewa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa akipigana na Wajerumani Beho Beho, Januari 1917. Kaburi lake liko hukohuko, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ndiye aliyewaonyesha njia watu wa Cecil Rhodes walipoingia Mashonaland, sehemu ya Zimbabwe ya sasa, mwaka 1890 kuanzisha ukoloni, kwa hiyo jina hilo halikuokotwa njiani.

Mzee alinitolea vitabu viwili: kimoja cha mzungu aliyekitumikia kikosi, kingine kumbukumbu za mpiganaji wa ZANLA, jeshi la ukombozi la chama cha ZANU. Nilitaka cha kwanza tu. Akasema, "Mwalimu, hiki usikisome peke yake," akanishushia bei, vyote viwili elfu thelathini. Muuza vitabu wa namna hiyo sijamwona hata kwenye maduka yenye viyoyozi.

Na alisema kweli. Kitabu cha yule mzungu kinaeleza kazi yao vizuri sana. Askari wengi walikuwa weusi, wakiwemo wapiganaji waliotekwa wakageuzwa. Walivaa kama ZANLA au ZIPRA, jeshi la ukombozi la chama cha ZAPU, wakabeba AK, wakaingia kijijini usiku kuomba chakula na kuulizia wenzao walipo. Vikosi vingine vya jeshi vilikatazwa kukanyaga eneo hilo wakati huo, wasije wakauana wenyewe kwa wenyewe. Waingereza walikwishaifanya mbinu hiyo Kenya dhidi ya Mau Mau. Sasa mfikirie mama wa kijiji kile. Akimpikia mgeni anayebisha hodi, huenda ni askari wa serikali anayemtega. Akimnyima, huenda ni mpiganaji wa kweli. Mama huyo hayumo kabisa kwenye kitabu cha mzungu. Kwenye kumbukumbu za mpiganaji yumo tangu mwanzo, na hofu yake yote.

Halafu Nyadzonya, kambi ya Wazimbabwe ndani ya Msumbiji. Tarehe 9 Agosti 1976 Selous Scouts walivuka mpaka wakaingia Msumbiji, magari yamepakwa rangi yafanane na ya FRELIMO, waliotawala huko, wenyewe wamevaa sare za FRELIMO, wakafika kambini watu wamekusanyika. Waliouawa walipita elfu moja, na ZANU ilisema ilikuwa kambi ya wakimbizi. Yule mzungu anasimulia kama ushindi, kurasa nzima za aina za magari na bunduki. Msomaji aliyetangulia amepiga mstari wa wino wa bluu chini ya idadi ya waliokufa, kwa nguvu mpaka karatasi imechanika. Ukurasa huo nitawasomea wanafunzi wangu, kisha niwasomee wa yule mpiganaji anapoeleza baridi ya Mgagao, kule Iringa, alikofunzwa kabla ya kwenda vitani. Vijana wetu wajue kwamba waliowindwa walitokea pia kwetu.

Kasoro ipo. Ramani ya mwisho imekatwa kwa wembe, na mzee hakuniambia. Fungua kila kitabu mpaka jalada la nyuma kabla hujalipa. Malipo ya simu anapokea, ila risiti hana, kwa hiyo wanaonunulia shule wajiandae.

Ikinyesha hafungui. Vitabu anavinunua pia, na mwenye kumbukumbu za mpiganaji wa ZIPRA amwachie pale mezani, mimi nitazichukua.