Jumapili ya mepo jimboni Maine: nendeni shamba dogo

Kiingilio ni bure, na kwa familia yenye watoto hilo peke yake latosha kuwasha gari. Kila Jumapili ya nne ya mwezi Machi, mashamba ya mepo (maple, mti wenye utomvu mtamu) jimboni Maine, Marekani, hufungua milango watu wajionee utomvu huo unavyogeuzwa shira. Tunaishi Portland, tukazungukia mawili. Vaeni buti: wakati huo theluji inayeyuka na njia zote ni tope.

Shamba kubwa nalipa nyota mbili. Foleni ya chapati za maji ilizunguka ghala zima, na zilipotufikia zilikuwa zimepoa. Farasi wa kupandisha watoto ni wa kulipia, aiskrimu ya pili ni ya kulipia. Jiko la kuchemshia wamelizungushia kamba, kwa hiyo utaona mvuke na migongo ya watu. Msituni mipira myembamba ya kupitishia utomvu imeungwa mti kwa mti hadi kwenye pampu. Ni ufundi mzuri, sikatai, ila mwanangu wa miaka sita alitazama mara moja akauliza tunaondoka lini.

Shamba dogo ni la mzee na mkewe, na bado wanatundika ndoo mtini kukinga utomvu. Hapo ndipo baba mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kilifi, alipochangamka. Amekulia kati ya wagema wa mnazi. Alikinga kidole chini ya kijibomba kilichochomekwa kwenye shina, akaonja, akanigeukia: "Mwanangu, mbona haya ni maji?"

Kweli ni maji. Sukari yake ni kama asilimia 2 tu, ndiyo maana zinahitajika takriban lita 40 za utomvu kupata lita moja ya shira. Baba akaanza kumhoji mwenye shamba, mimi mkalimani. Mti unagemwa ukiwa na umri gani? Karibu miaka 40, shina likifika upana wa sentimita 25 au 30. Unapumzishwa? Tundu la mwaka huu halirudiwi, mwakani wanatoboa pengine na la zamani linajifunga lenyewe. Utomvu hutembea usiku ukiganda na mchana ukipata joto. Machipukizi yakianza kufunguka, ladha inaharibika na msimu umekwisha. Kilichomfurahisha baba zaidi ni kwamba shina hutobolewa usawa wa kiuno. "Kumbe hapandi! Huyu mgema wa chini kwa chini." Mzee naye alicheka sana nilipomfasiria.

Chumba cha kuchemshia tulikirudia mara mbili kwa sababu watoto hawakutaka kutoka. Kuni zinasukumwa chini ya karai refu la chuma, mvuke unatokea paani, na nguo zote zinanukia sukari. Kipimajoto kipo, shira huiva ikizidi kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 4 hivi, lakini mke wa mzee anaamini upawa wake. Anachota, anauinamisha: ikidondoka matone, bado. Ikining'inia pana ukingoni kabla ya kukatika, anafungua bomba shira itoke.

Ya mwanzo wa msimu huwa rangi ya dhahabu na ladha nyepesi, ya mwishoni nyeusi na nzito. Mimi nilichukua nyeusi. Bei si ya mchezo, chupa ya nusu lita ilinitoka dola 18, ila baada ya kuona kuni zile sikubishana. Kaimati zinaipokea vizuri sana. Kwa bei hiyo, nyunyizia, usizamishe.

Shamba dogo nalipa nyota tano kasoro choo, ambacho ni kimoja na kiko nje. Bebeni pesa taslimu. Wasiokula nguruwe, mkikuta maharage yanauzwa ulizeni kwanza, mara nyingi huku hupikwa na mafuta ya nguruwe. Na fikeni kabla ya saa nne asubuhi, saa sita hamtapata pa kuegesha gari.