Kilti ya yadi nane: uzoefu wangu wa kuivaa kila siku Glasgow

Kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti, mfano wa sketi ya marinda. Ninayoieleza hapa si ile ya akriliki inayotundikwa milangoni mwa maduka ya watalii kule Edinburgh kwa pauni 30 au 40. Hii ni kilti ya sufu tupu, yadi nane, kitambaa kizito cha ounsi 16, iliyoshonwa kwa mkono na fundi wa hapa Glasgow, Uskoti. Ukiiweka kwenye mizani inakaribia kilo mbili. Mimi ni mtu wa Mombasa, miguu myembamba, subira ndogo, na ninaivaa siku za kawaida: kazini, dukani, kumchukua mtoto shuleni. Za kukodi kwa ajili ya harusi ni habari nyingine, sizigusi.

Jamaa wa pwani wakiniona nayo huuliza mambo mawili tu: bei, na ndani kuna nini. Bei ni pauni 500 na ushee, bila soksi, bila viatu, bila mkoba. Ndani kuna bukta. Waskoti wana mzaha wao kwamba mwanamume kamili havai kitu, nami nawaachia mzaha wao. Sufu inawasha, na ngazi za Glasgow ni nyingi.

Sasa ushonaji, maana hapo ndipo pesa zinapokwenda. Mbele ni bapa, pande mbili zinazopishana, wa juu ukifungwa kulia kwa mikanda ya ngozi na bizimu. Marinda yote yako nyuma. Rinda linalala juu ya rinda, yameshonwa kutoka kiunoni hadi usawa wa makalio, kuanzia hapo yanaachiwa yacheze. Fundi hayakunji ovyo. Anahesabu nyuzi za tartani, yaani ile miraba ya rangi, ili mchoro wa nyuma uendelee sawasawa na wa mbele, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa kabisa. Jeshini hupanga vingine: mstari mmoja uleule unajitokeza katikati ya kila rinda, nao ukitembea mchoro unabadilika. Nilichagua ule wa kwanza. Siku niliyokwenda kuichukua nilijitazama mgongoni kwenye kioo cha fundi muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

Vipimo navyo vina mambo yake. Kilti haikai pale mshipi wa suruali unapokaa. Inakaa kitovuni, na pindo lake linaishia katikati ya goti. Ukimpa fundi saizi ya suruali yako ya dukani umekwisha. Mwache apime mwenyewe. Kungoja ni kama miezi mitatu, na yangu ilipita hapo, bila simu wala samahani. Jingine la kulalamikia ni ngozi ya mikanda, iliyoanza kufanya nyufa mapema mno kwa nguo ya bei hii. Fundi ameahidi kuibadilisha bure. Tutaona.

Kuhusu baridi, wengi mnawaza kinyume. Kiuno na mapaja vina tabaka za sufu zisizo mchezo, kwa hiyo ni joto, pengine joto kuliko jinzi. Kinachopigwa ni magoti, nayo huzoea. Upepo haupandishi kilti ya uzito huu hovyo. Nimesimama kwenye jukwaa la treni ya chini ya ardhi ya Glasgow, ile ya mzunguko ya tangu 1896, ambako treni ikikaribia inasukuma upepo mzima wa handaki mbele yake, na marinda yaligeuka kidogo tu yakarudi mahali pake. Zile za akriliki hapo ndipo zinapomvua mtu nguo. Mvua ndiyo adui. Sufu ikilowa inanuka kama beberu aliyenyeshewa, na pindo lenye maji linakukwaruza nyuma ya goti kila hatua. Ukienda milimani kaskazini kiangazi, kuna visubi. Sitaeleza zaidi. Vaa suruali.

Kuketi kunataka mazoezi. Unapokaa, unapitisha mkono nyuma na kuyafagia marinda chini yako kwa mara moja, la sivyo unainuka nayo yamekunjika kama ulilala nayo, halafu siti ya basi ni baridi. Mwanamke yeyote aliyewahi kuvaa sketi ya shule anaijua harakati hiyo. Mke wangu alinifundisha huku akicheka. Mifuko hakuna. Badala yake unaning'iniza mbele kimkoba cha ngozi kiitwacho sporran, na ukishatia simu, funguo na pochi, kila unapopanda ngazi kinakupiga mahali ambapo hupendi kupigwa. Ukiwa ndani ya gari kisogeze nyongani. Ile pini kubwa ya mapambo inachomwa kwenye upande wa juu peke yake. Ukiunganisha pande zote mbili utachana kitambaa ulichokingojea miezi mitatu.

Kisu kidogo ambacho Waskoti huchomeka soksini wakivaa kilti, mimi sikivai. Sheria ya huku inamkinga mtu aliyekibeba kama sehemu ya vazi la taifa, najua. Lakini mwanamume mweusi mwenye kisu ndani ya basi la usiku, aanze kumweleza askari mambo ya vazi la taifa? Kikae dukani.

Watu wa msikitini walinihoji kwa upole. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti, na kilti inaanzia kitovuni na kuishia gotini, kwa hiyo ukisimama wima umesitirika kwa kipimo kilekile cha vitabuni. Shida ni kurukuu na kusujudu: nyuma inapanda. Ndiyo maana ndani ya begi langu mna kikoi kila siku. Nikifika Msikiti Mkuu, pale ng'ambo ya kusini ya mto Clyde, najifunga kikoi juu, kilti naifungua kwa chini, naikunja, naswali, narudia vazi langu. Mzee mmoja wa Kipakistani alitazama zoezi zima akaniambia kwa nini nisivae hicho kikoi moja kwa moja na kuokoa muda.

Swali hilo lilinikaa kichwani. Kiangazi kilipofika, siku moja ya jua nikafanya hivyohivyo: shati jeupe, kikoi cha Mombasa chenye pindo la njano na kijani, viatu vya ngozi, nikaenda kutembea bustani ya Kelvingrove na kupitia madukani. Kikoi kinafika kifundoni. Kimestiri kuliko kilti mara mbili. Basi siku za kilti watu hunitabasamia, wazee huniamkua, madereva wa teksi huuliza ni tartani ya ukoo gani. Siku hiyo ya kikoi hakuna aliyetabasamu. Walitazama wakaangalia kando. Mlinzi wa duka alinifuata kwenye rafu za mikate. Bwana mmoja, kwa wema kabisa, aliniuliza kama nimefungiwa nje ya nyumba nikiwa naoga. Mwili ni uleule, mtaa ni uleule, nguo zote mbili hazina panda ya miguu. Kibali kimo ndani ya ile miraba.

Na kibali hicho hakikuwapo siku zote. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, ambako waasi, wengi wao watu wa milimani ya Uskoti, walishindwa na jeshi la mfalme, Bunge la London lilipitisha sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya watu wa milimani. Kosa la kwanza kifungo cha miezi sita. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka saba. Walioachiwa ni askari wa mfalme. Sheria ilifutwa 1782, na ilipofika 1822 mfalme mwenyewe, George wa Nne, alikuja Edinburgh kwa sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, akavaa kilti juu ya soksi ndefu za rangi ya ngozi. Nguo iliyokuwa ya mhaini ikawa ya ikulu. Hakuna aliyeibadilisha nguo.

Sketi isiyo na miraba bado inangoja mfalme wake. Juni 2017, joto lilipozidi, wavulana wa shule moja ya Exeter, Uingereza, walinyimwa ruhusa ya kuvaa kaptula wakaja na sketi za sare za wasichana. Mwezi uleule madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walifanya hivyohivyo kwa sababu ileile. Magazeti ya dunia nzima yaliwapiga picha. Mimi nimepanda basi la Glasgow na sketi ya marinda hata sijui mara ngapi, na aliyewahi kunipiga picha ni mtalii.

Kuchagua tartani kulinipa kazi kuliko nilivyodhani. Huhitaji kuwa na ukoo. Ziko za wazi kwa wote, na rejista ya taifa ina maelfu. Muuzaji wa kwanza alinitandikia Black Watch, buluu na kijani iliyokolea, akisema hiyo humpendeza kila mtu na haimkosei mtu. Black Watch ni kikosi cha jeshi la Uingereza. Batalioni yake ya kwanza ilitoka Korea ikapelekwa Kenya 1953 kupigana na Mau Mau, na babu ya mke wangu, mtu wa Nyeri, alifungwa katika kambi ya kizuizini ya Manyani. Nilimwambia muuzaji naomba nyingine. Hakuuliza, nami sikueleza. Nikatoka na Isle of Skye, ya zambarau, kijani na kijivu, tartani iliyobuniwa miaka ya 1990, isiyo na vita vya mtu ndani yake.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawaliandiki popote. Ijumaa na Jumamosi usiku, katikati ya mji, watu wananyanyua kilti. Wageni kabisa, wanawake kwa wanaume, wamelewa, wanakuja nyuma yako na kuvuta pindo juu ili waone, kisha wanacheka na kungoja na wewe ucheke. Wa kwanza nilimshika mkono, na marafiki zake ndio walionishangaa mimi. Nilipomsimulia mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole," kwa sauti ya mtu ambaye habari hiyo kwake si habari. Siku hizi nikitoka usiku wa wikendi navaa suruali. Katika kuikadiria nguo hii, nyota moja naiondoa kwa ajili hiyo, na si kosa la fundi.

Utunzaji: usiitie kwenye mashine. Ining'inize kwa vibanio usiku kucha, pindo lining'inie huru, mikunjo inajiondoa yenyewe. Doa likifutwa mapema kwa kitambaa chenye maji baridi linatoka. Ukiipeleka kwa dobi, yapige marinda bandi kwanza, la sivyo atayapiga pasi anavyojua yeye na mchoro wa nyuma utakuwa umekwenda. Fundi wangu ameacha kitambaa cha akiba ndani ya kiuno, na mimi tangu nihamie huku nimeanza kukihitaji.

Nilikwenda nayo nyumbani. Kwa hali ya hewa ya Mombasa kilti ya ounsi 16 ni adhabu, niseme wazi. Nilisubiri jua lizame ndipo nikaivaa kwenda kwenye karamu ya jamaa, Mji wa Kale. Mama aliniona ukumbini akasema, "Mwanangu, hilo rinda la nani?" Watoto wa mtaani wakaniandama wakiimba jina la shule ya wasichana. Aliyecheka kuliko wote, hadi akaegemea ukuta, ni ami yangu, na yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kikoi. Nikamwambia, "Ami, na hiyo uliyovaa wewe?" Akajikagua, akavuta pindo lake vizuri. "Hii ya kiume," akasema. "Haina marinda." Tena huyohuyo ami, enzi zake za kufanya kazi bandarini, hakuthubutu kuingia ofisini na kikoi hata siku moja. Nilimkumbusha. Akasema ofisi ilikuwa ya Mzungu.

Nimeshaagiza ya pili, nyepesi, ya kiangazi, na fundi amekubali kuishona kwa kitambaa cha kikoi. Ana wasiwasi wake: pamba haishiki rinda kama sufu, kwa hiyo anataka marinda mapana machache, na pindo la rangi likae chini kuzunguka lote. Kikoi kimoja kina urefu wa mita moja na nusu na zaidi kidogo, yadi nane ni mita saba na ushee, kwa hiyo anahitaji vikoi vitano vya rangi moja, vya mfumaji mmoja. Dada yangu anavitafuta Mtaa wa Biashara na amepata vitatu. Ami amepelekewa habari. Anasema sasa nitachekwa pande zote mbili.