Math-in-CTE (hesabu ndani ya elimu ya ufundi): mafunzo yanayomkalisha mwalimu wa ufundi na wa hesabu meza moja

Nguvu ya mafunzo haya ya Marekani iko kwenye kuwaoanisha walimu wa sekondari: wa ufundi ndiye mwenye somo, wa hesabu humsaidia kuifichua hesabu iliyomo. Somo lina hatua 7. Ya tatu ndiyo kiini: kama ni useremala, wanafunzi wanahakiki pembe mraba ya fremu kwa vipimo vya 3, 4 na 5. Kisha mifano mingine ya kazini, halafu ya kitabuni (3² + 4² = 5², yaani 9 + 16 = 25), mpaka jaribio rasmi. Ukiiruka hiyo ya kitabuni kwa kuona “si ufundi”, mwanafunzi atakwama kwenye mtihani. Udhaifu wa mafunzo haya ni ratiba: pasipo muda wa kuandaa pamoja, walimu hao wawili huachana upesi.