Gereji fulani njia ya Bagamoyo: ufundi nyota tano, bosi nampa mbili

Jina la gereji silitaji mtanisamehe, nikilitaja bosi atajua ni nani kaongea na mimi na dada wa watu atakosa kazi.

IST yangu ilikuwa inagonga mbele nikipita barabara ya vumbi, kodo kodo kodo, gereji ya kwanza wakaniambia shokapu zote mbili zimekufa lete laki mbili na nusu. Sisi wanawake kupigwa gereji tumezoea kwahiyo nikasema ngoja nikajipange, shosti wangu akanielekeza hapa. Akanipokea dada kavaa ovaroli ya saizi ya wanaume kaikunja mikono mpaka basi, akachukua funguo akaizungusha gari mwenyewe, akarudi akapiga jeki, akatingisha tairi, akaingia chini halafu akaniita nichungulie. "Dada ona, linki za stabilaiza ndo zinacheza, shokapu zako nzima wala hazivuji." Linki mbili pamoja na ufundi haikufika hata elfu themanini na spea za zamani akanikabidhi kwenye mfuko bila kumuomba. Gari sa hivi kimyaa.

Sasa nikiwa nimekaa pale nasubiri akaingia mzee na Prado. Dada akamfuata, shikamoo mzee, gari inasumbua nini? Mzee anajibu "marahaba mwanangu, hebu niitie fundi." Akaitwa kijana, akasikiliza tatizo, akaenda pembeni kumuuliza dada, dada akamwelekeza, kijana akarudi akayamwaga yale yale kwa mzee, mzee karidhikaaa na hela ya soda akapewa kijana. Nchi inaongozwa na mama toka 2021 ila boneti ya Prado bado ya wanaume, haya.

Na huyo kijana ndo fomani! Dada ana cheti cha VETA, kijana kamkuta dada pale pale na dada ndo kamfundisha kufungua gia boksi. Wakati nalipa nikamchokoza bosi, mbona dada hajawa fomani na naona kila mtu anamuuliza yeye? "Aah mama, hawa vijana wagumu, hawawezi kusimamiwa na mwanamke, halafu ana mtoto mdogo." Fomani naye ana mtoto mdogo jamani, nimeuliza.

Kilichoniuma zaidi ni zile kazi za usiku, gari ikimkwamia mtu barabarani anapiga simu fundi anafuatwa. Hela nzuri ya kule ndo wanagawana vijana, dada hapelekwi, eti usalama wake. Hajawahi kuulizwa kama anataka kwenda, wala bosi hajawaza kumpeleka na mwenzake au kumpa za mchana. Mwisho wa mwezi wanapishana mfukoni halafu utasikia vijana ndo wanajituma.

Alivyojifungua aliambiwa akapumzike atarudi akiwa tayari, bila senti. Wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema likizo ya uzazi siku 84 na malipo, mapacha 100, na ukirudi kazini una masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ujauzito umekatazwa humo humo. Unaweza kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, sawa, ila malalamiko ya kufukuzwa yana siku 30 za kuyapeleka na mengine siku 60, mtu katoka leba na kichanga mgongoni, mkataba wenyewe wa mdomo, atazipata saa ngapi? Watu wanasemaga wanawake hawataki kazi za gereji, wakati pale choo ni kimoja na hakina hata komeo.

Ukiacha hayo huduma yao safi, bei hawapandishi kwa kukuangalia usoni, lipa namba ipo, kivuli kipo, chai ya jirani chapati zake laini. Jumamosi kunajaa sana, nenda siku za kazi asubuhi. Ukifika mwambie bosi kabisa unataka gari yako ishikwe na yule dada, aandike jina lake kwenye risiti, na hela ya soda mpe mkononi maana ukiiacha kaunta haimfikii.