Ports of Call: Gemu ya 1987 Iliyonifanya Tajiri wa Meli Nikiwa Umoja, Nairobi

Haya, karibuni. Leo hakuna simu mpya mezani, hakuna spika ya Luthuli Avenue. Leo nina meli. Meli kuukuu, kutu hadi kwenye bomba la moshi, na deni lake liko juu yangu.

Gemu yenyewe inaitwa Ports of Call. Iliundwa na Wajerumani wawili, Rolf-Dieter Klein na Martin Ulrich, ikatolewa na Aegis Interactive mwaka 1987 kwa kompyuta za Amiga, kisha ikaja ya DOS. Mimi nacheza hiyo ya DOS kupitia DOSBox, programu inayoendesha gemu za zamani kwa kompyuta za sasa, kwa laptopu ya eks-UK (mtumba kutoka Uingereza), na feni hata haijashtuka.

Kazi yako ni hii. Unafungua kampuni, unachagua bandari ya nyumbani, unaenda kwa dalali wa meli. Na hapo ndipo unajua hujui. Pesa uliyonayo ni ya chuma chakavu. Zile meli mpya zinazong'aa utaziangalia tu, kama vile tunavyoangalia magari ya kuuza pale Ngong Road tukiwa tumebanwa kwa dirisha la matatu. Unachukua kuukuu, unapiga moyo konde.

Sasa tafuta mzigo. Unaletewa orodha: shehena fulani, inaenda bandari fulani, malipo haya, na ukichelewa faini hii. Siku ya kwanza mimi nilifanya kile kila mgeni hufanya, nikarukia malipo makubwa kuliko yote. Safari ndefu, nikajaza mafuta, nikasukuma meli mbio ili niwahi. Nikafika kwa wakati. Nikalipwa. Nikapiga hesabu. Mafuta yalikuwa yamekula karibu kila kitu!

Na hapo, watu wangu, ndipo nilipoanza kuiheshimu hii gemu, kwa sababu hawakubuni hilo jambo. Meli halisi ziko hivyo. Nguvu inayotakiwa na injini hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo. Yaani ukipunguza mwendo kwa asilimia 10 tu, injini inahitaji nguvu pungufu kwa kama asilimia 27. Ndiyo maana baada ya uchumi wa dunia kuyumba mwaka 2008, kampuni nyingi za makontena ziliamua meli zitembee polepole makusudi. Kwa hiyo katika Ports of Call swali si nani analipa vizuri. Swali ni siku ngapi, mafuta ya hapa ni bei gani, na bandari ninayoenda nitapata mzigo wa kurudi nao au nitarudi mtupu. Mwenye matatu yeyote wa Nairobi anaielewa hiyo hesabu kabla hujamaliza sentensi.

Nikamwonyesha binamu yangu. Yeye hugomboa mizigo, kila siku yuko Embakasi kwenye bandari kavu, anajua makontena yanavyoshuka na reli kutoka Mombasa. Aliangalia ile faini ya kuchelewa akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kumbe demareji iko hadi kwa gemu?" Halafu akakaa. Hakuondoka hadi saa nne usiku. Mnaweza kucheza hadi watu 4 kwa kompyuta moja, kwa zamu, na nawaambia, kumpita binamu yako kwa mzigo wa kurudi ni raha ambayo intaneti haiwezi kukupa.

Kitu kingine ni matengenezo. Meli inachakaa kila safari, na kuitengeneza ni pesa. Basi unajiambia, acha nipige hii safari moja, nikirudi nitatengeneza. Unarudi, unasema moja tena. Nimewahi kusikia hayo maneno mahali? Ndiyo, kila siku, kwa gereji za Kirinyaga Road. Tofauti ni kwamba gari likizima unashuka unasukuma. Meli ikikata tamaa katikati ya bahari, hakuna wa kusukuma. Yangu ya pili ilizama. Sitaki kuizungumzia.

Lakini mngeuliza kwa nini gemu hii inakumbukwa wakati gemu nyingi za biashara za enzi hizo zimesahaulika, jibu langu ni kuegesha. Ukifika bandarini, unaweza kulipia tagi, zile boti za kuvuta meli, zikuvute hadi gatini. Au, kama unabana senti, unashika usukani mwenyewe. Unaiona meli kutoka juu, una usukani na amri za injini: mbele, simama, nyuma. Na meli haisimami! Unasema simama, yenyewe inaendelea kuteleza taratibu, kwa heshima zote, kuelekea ukutani. Ukingoja uone hatari ndipo urudishe nyuma, umeshachelewa. Wakati mwingine unakutana na watu waliozamiwa chombo, unawasogelea uwaokoe, na shida ni ile ile: ukiwa na haraka unawapita au unawagonga.

Hapo ndipo kipanya changu cha shilingi 300 kilinitia aibu. Nabonyeza mara moja, chenyewe kinabonyeza mara mbili. Mimi nataka nyuma, meli inapata kitu kingine. Bili ya matengenezo ikala faida ya safari nzima. Nikanunua kipanya kingine.

Mabaya yapo. Ukiwa na meli moja, kuegesha ni utamu. Ukiwa na sita, unaitwa kila dakika, na mwishowe unalipa tagi kama kila mtu. Sauti ni chache, picha ni za 1987, hilo hatulaumu. Maelezo kwa mgeni ni kama hayapo, na huwezi kumpa nahodha ratiba aifuate mwenyewe wewe ukalala. Mwenye kutaka milipuko, hapa hapana.

Wa kuichukua ni nani? Wewe uliye na kompyuta ya zamani, uliye na ndugu wa kushindana naye, unayependa hesabu lakini si zile za daftari. Kama DOSBox inakuchosha, liko toleo la Classic linalouzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni. Mimi naipa nane kwa kumi. Ingekuwa tisa, lakini ile meli ya pili bado inaniuma.

Sasa niwaache, nina shehena imebakiza siku mbili na binamu amekalia kiti changu.